Watafiti wa tegu wa nguruwe wanaomba sampuli katika kaya isiyokula nguruwe: tuwakubalie?

Mjomba wa Tandika aliandika:

Assalamu alaikum, na habari zenu wote. Ninaomba ushauri wa watu wanaoijua kazi ya utafiti wa magonjwa, hasa yale yanayowahusu wanyama na binadamu kwa pamoja, kwa sababu jambo lililoanzia hospitali sasa limefika kwenye kikao cha ukoo wetu, na wazee wananitazama mimi niliyesoma kidogo niwape jibu ambalo sina.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 26 anayeendesha bodaboda, alianza kuanguka kifafa mwaka jana. Tulizunguka kama wanavyozunguka wengi: zikasomwa dua, akanyweshwa kombe, mwisho tukaenda hospitali. Baada ya kupigwa picha ya CT, daktari alituonyesha ndani ya ubongo wake viduara vidogo vyeusi, kimoja kikiwa na nukta nyeupe katikati, akasema hayo ni malengelenge ya tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo. Dada yangu aliposikia neno nguruwe alijitanda mtandio wake akatoka nje bila kuaga. Sisi ni Waislamu tangu mababu zetu, na kijana mwenyewe ameapa mbele ya bibi yake kwamba nyama hiyo hajawahi kuitia mdomoni, nami ninamwamini.

Wiki chache baadaye walikuja nyumbani, kwa ridhaa ya kijana na kwa kuelekezwa na kliniki anakotibiwa, watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja. Mmoja ni daktari wa binadamu, na mwingine, jambo lililotushangaza, ni daktari wa mifugo. Wanaomba damu ya kijana na sampuli ya choo ya kila mtu anayeishi au kula katika nyumba yetu, kuanzia bibi mwenye miaka 80 hadi binti anayetusaidia kazi. Baba mkubwa amekataa katakata. Hoja yake ni kwamba kukabidhi choo chetu kipimwe mnyoo wa nguruwe ni kukiri kuwa tumekula haramu, na kwamba majirani wakimwona daktari wa mifugo akitoka kwetu na vikopo watamaliza hadithi iliyobaki wao wenyewe.

Watafiti hao wanatafuta nini hasa katika nyumba ambayo nguruwe hajawahi kupikwa wala kufugwa? Daktari wa mifugo anahusikaje na choo cha bibi yangu? Na je, tukikataa, sheria inatubana?

Mtafiti wa Afya Moja alijibu:

Wa alaikumu salaam, Mjomba, na pole kwa ugonjwa wa kijana. Mimi nimesomea udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kazi yangu ya kila siku ni utafiti wa vimelea ambao makazi yao yamegawanyika kati ya mnyama na mtu. Sihusiki na timu iliyokuja kwenu, kwa hiyo sina cha kuitetea.

Mzee wetu anadhani malengelenge ya ubongo yanatoka kwenye nyama, na hivyo ndivyo anavyodhani karibu kila mtu, wakiwamo baadhi ya watumishi wa afya. Hayatoki huko. Anayekula nyama ya nguruwe yenye malengelenge na isiyoiva vizuri anapata mnyoo mzima tumboni, ambaye huweza kufikia mita kadhaa na kukaa kwenye utumbo mwembamba kwa miaka bila mwenyeji wake kuhisi zaidi ya tumbo kujaa gesi. Mnyoo huyo hudondosha pingili zinazotoka na choo, na pingili moja iliyokomaa huweza kubeba mayai yapatayo 50,000, madogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuyaona. Nguruwe anayezurura akila choo hicho, mayai huanguliwa ndani yake na kugeuka malengelenge kwenye ulimi, moyo na minofu. Mtu naye akiyameza mayai hayohayo, kwa chakula kilichoandaliwa na mikono isiyonawiwa baada ya kutoka chooni, kwa kachumbari au kwa maji, mwili wake hupitia yaleyale yanayompata nguruwe, ila kwa binadamu malengelenge yanayoleta balaa ni yale yanayoishia kwenye ubongo. Kwa maneno mengine, aliyemwambukiza kijana wenu ni mtu mwenzake, awe wa karibu au asiyemjua kabisa, na kijana hakuhitaji kugusa nguruwe hata mara moja maishani mwake.

Hili halikuanzia Tandika. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa wanne wa jamii ya Mayahudi wa Orthodox jijini New York, watu wasiokula nguruwe kwa amri ya dini yao kama nyinyi, ambao wote walikutwa na malengelenge haya kwenye ubongo. Walipofuatilia kaya zao walielekea kwa wasaidizi wa kazi za ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini, na miongoni mwao walimpata mwenye mnyoo tumboni. Kwa hiyo mtafiti anapoomba choo cha nyumba nzima hatafuti aliyekula haramu. Anamtafuta mwenye mnyoo, ambaye kwa kawaida mwenyewe hajui, ili atibiwe kabla hajaambukiza wengine na kabla hajajiambukiza mwenyewe, maana yeye ndiye aliye karibu zaidi na mayai yake. Inawezekana kabisa asipatikane yeyote kwenu. Kumbukumbu za askari wa Uingereza waliowahi kutumikia India, wagonjwa 450 waliokusanywa katika ripoti ya mwaka 1961, zilionyesha kuwa kwa wengi kifafa kilianza miaka kadhaa baada ya maambukizi, na kwa wachache hata zaidi ya miaka 20. Kijana wenu huenda aliyameza mayai hayo akiwa shule ya msingi, katika mji ambao tangu hapo ameshauhama.

Mweleze baba mkubwa na jambo hili. Choo kikipimwa kwa darubini na mayai ya tegu yakaonekana, mayai hayo hayasemi ni tegu gani, kwa kuwa yale ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe hayatofautiki kwa macho. Mtu anayependa mishkaki isiyoiva sawasawa anaweza kuwa na tegu wa ng'ombe na asiwe amevunja mwiko wowote, na mnyoo huyo hana tabia ya kupeleka malengelenge kwenye ubongo wa binadamu. Ndiyo maana mtafiti makini hatangazi lolote kwa kuona mayai peke yake. Hupeleka sampuli kwenye vipimo vya vinasaba, au husubiri pingili na kuhesabu matawi ya mfuko wake wa mayai, ambayo kwa tegu wa nguruwe huwa machache, kati ya 7 na 13 hivi kila upande.

Kuhusu daktari wa mifugo: ugonjwa huu hauwezi kusomwa kwa upande mmoja. Daktari wa binadamu anaona kifafa, nami ninaona nguruwe ambaye kwa nje hana dalili yoyote, anakula, ananenepa na anauzwa. Mwenzetu mwingine anachunguza choo cha shimo kilichojaa. Wilayani Mbulu watafiti wa Sokoine walikagua ndimi za nguruwe na kukuta malengelenge kwa asilimia 17.4 ya waliochunguzwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, huku katika eneo hilohilo hospitali ya Haydom ikiwapokea wagonjwa wa kifafa ambao picha za ubongo wao zilionyesha kitu kilekile. Kama pande hizo mbili zisingekutana, kila mmoja angeendelea kutibu nusu ya ugonjwa.

Ama sheria, haiwabani hata kidogo. Mwaka 1855 daktari wa Kijerumani aitwaye Küchenmeister alithibitisha kuwa malengelenge ya nguruwe hugeuka tegu kwa kumlisha kwa siri mfungwa aliyehukumiwa kifo na kuja kuwakuta minyoo tumboni mwake baada ya hukumu kutekelezwa. Elimu tuliyonayo imejengwa juu ya kitendo ambacho leo kingempeleka mtafiti mahakamani. Utafiti unaohusu watu hapa nchini unapaswa kuwa na kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili mnachokielewa. Kila mtu mzima anajiamulia mwenyewe. Baba mkubwa hawezi kumkubalia bibi, wala kumkatalia. Na matibabu ya kijana hayapaswi kubadilika hata nyumba nzima ikikataa.

Mkaguzi wa Nyama alijibu:

Ninamshukuru daktari kwa maelezo yake, ila nitaongeza ya upande wa machinjioni, kwa kuwa huku ndiko watafiti wanakopenda kuanzia na ndiko wanakoacha manung'uniko.

Nguruwe wengi wanaochinjwa Dar es Salaam hawakufugwa hapa. Hushushwa kutoka Nyanda za Juu Kusini na mikoa mingine wakiwa wamechoka safari. Mchuuzi mzoefu humkagua nguruwe kulekule kijijini: anamlaza chini, anamtia kijiti mdomoni, anauvuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa kwa kidole upande wa chini akitafuta vijivimbe vigumu vya ukubwa wa punje ya mtama au zaidi. Akivikuta anaacha kununua au anashusha bei. Kipimo hicho kina faida ya kutodanganya pale kinapokuta kitu, lakini kisipokuta chochote msikiamini, kwani utafiti uliofanyika Zambia na kuchapishwa mwaka 2004 ulikadiria kuwa kukagua ulimi hugundua takribani nguruwe 21 tu katika kila 100 wenye malengelenge, na jicho letu sisi wakaguzi juu ya nyama iliyochinjwa halikufanya vizuri zaidi, ni kama asilimia 22. Niliposoma takwimu hizo sikufurahi, ila sikuweza kuzipinga, maana najua ni mapande mangapi ninayoruhusiwa kuyakata kabla mwenye mzigo hajaanza kulalamika kuwa ninamharibia nyama.

Nguruwe aliyekataliwa na mchuuzi haendi jalalani. Huliwa kijijini, mara nyingi na mwenyewe na jirani zake, na mnyoo unaanza upya palepale. Mjini nako mwenye nyama tuliyoitaifisha hapewi fidia yoyote, hivyo anayeshuku kuwa mzigo wake una kasoro anajua njia ya kuchinja usiku nyuma ya nyumba, pasipo mkaguzi. Watafiti huja, huandika asilimia, huchapisha, na aliyepoteza nguruwe hubaki na hasara yake. Sisemi utafiti hauna maana, ninasema tu kwamba hesabu ya nani anabeba gharama inafanywa mwisho, wakati kwa mfugaji hiyo ndiyo hesabu ya kwanza.

Kwa wale wanaokula kiti moto na wameanza kupata hofu: vipande vidogo vilivyokaangwa hadi ndani havina shida, malengelenge hayahimili moto. Mnapaswa kukataa pande kubwa la kuchoma lililoiva nje na ndani likabaki na rangi ya waridi kwa sababu wateja ni wengi na mkaa ni ghali.

Muuguzi wa Kliniki ya Kifafa alijibu:

Mjomba, naomba tumrudie kijana kidogo, kwa kuwa wazee wakiwa kwenye kikao mgonjwa husahaulika.

Kwanza, pikipiki aiweke pembeni. Ninajua hiyo ndiyo riziki yake, lakini mtu ambaye bado anaanguka hapaswi kubeba abiria katika barabara ya Mandela, na uamuzi wa kurudi barabarani aufanye pamoja na daktari wake baada ya muda mrefu bila kuanguka. Pili, dawa za kifafa asizikatishe kwa kuwa ameona nafuu. Tatu, na hili ninalisisitiza kwa sababu nimeliona likileta madhara, msimnunulie dawa ya minyoo dukani kwa kusikia kuwa tatizo ni mnyoo. Albendazoli na prazikwanteli huua malengelenge yaliyo hai kwenye ubongo, na lengelenge linapokufa ubongo unaolizunguka huvimba; mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo au kupata hali mbaya zaidi. Ndiyo maana daktari huzitoa pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, hupima macho kabla, na wakati mwingine huamua kutozitoa kabisa, kwa mfano malengelenge yakiwa yamekwisha kufa na kugeuka chokaa. Hii ni sababu nyingine ya watafiti kutaka historia ya watu wote wa nyumbani: kabla hawajampa yeyote dawa ya tegu watauliza kama amewahi kuanguka au kuumwa sana kichwa, na wengi hupendelea niklosamide, kwa sababu dawa hiyo hubaki ndani ya utumbo na haifiki kwenye ubongo.

Pia msiruhusu mtu yeyote awaambie kuwa kila kifafa ni tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, mnyoo huyu husababisha takribani asilimia 30 ya kifafa, kiwango ambacho ni kikubwa sana kwa ugonjwa unaozuilika, lakini kinaacha asilimia 70 zenye visababishi vingine: kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, homa za utotoni zilizofika kwenye ubongo. Kule Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye kuwafungulia kliniki, uchunguzi wa miaka mingi umeelekea kwenye minyoo mingine kabisa, wale wa usubi wanaoenezwa na inzi wadogo wa kwenye mito. Uchawi, pepo na kurithi damu mbaya havimo katika orodha. Na mate ya mgonjwa hayaambukizi. Jirani yenu akianguka, mlazeni kwa ubavu, legezeni shingo ya nguo yake, wala msimwingizie kijiko mdomoni.

Mjomba wa Tandika aliandika:

Ninawashukuru nyote, na maelezo ya New York nimeyasoma kwa sauti kikaoni. Baba mkubwa amenyamaza, jambo ambalo kwake ni nusu ya kukubali. Lakini simulizi hilohilo limefungua mlango mwingine ambao sikuutarajia.

Mara tu niliposema wasaidizi wa kazi za ndani, macho ya akina mama yote yalimgeukia binti anayetusaidia, ambaye ametoka Mbozi, kwao wanafuga nguruwe na yeye hula. Mke wangu, ambaye si mtu mbaya, aliniuliza usiku kama si afadhali binti huyo arudishwe kwao mapema kabla vipimo havijafanyika, na asubuhi nikakuta ametengewa sahani yake. Binti ana miaka 19 na amekuwa mwaminifu kwetu. Je, matokeo yake tutaambiwa sisi wenye nyumba? Na kama ni yeye, tufanye nini?

Mtafiti wa Afya Moja alijibu:

Mjomba, umeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye fomu ya watafiti.

Matokeo ya binti ni mali yake. Ana miaka 19, anatoa ridhaa kwa mkono wake mwenyewe, na mtafiti hapaswi kumwambia mwajiri, wala shangazi, wala balozi wa nyumba kumi. Timu nzuri hupanga utaratibu ambao hakuna atakayeweza kubahatisha kwa kutazama: kila mtu hupewa namba badala ya jina, kila mtu huitwa faragha kupokea majibu siku hiyohiyo, na ikibidi kila asiye na kizuizi cha kiafya hupewa dawa ileile, ili kumeza kidonge kusiwe ushahidi dhidi ya yeyote. Waulizeni kabla ya kusaini kama watafanya hivyo, na kama hawana jibu la kueleweka, hapo mtakuwa na sababu ya haki ya kukataa, tofauti na ile ya baba mkubwa.

Kumrudisha kwao mapema ni uamuzi mbaya hata kwa kipimo cha kujilinda. Kama si yeye mwenye mnyoo, mtakuwa mmemdhulumu, na mwenye mnyoo halisi atabaki mezani kwenu. Kumbuka kwamba wanaoishi hapo wanakula pia nje, wanakunywa juisi za barabarani, na mgonjwa mwenyewe ameshinda vijiweni kwa miaka. Kama ni yeye, tiba ya mnyoo wa tumboni kwa kawaida ni dozi moja, na baada ya hapo hana hatari kwa mtu yeyote, wakati mkimrudisha bila tiba atakwenda nao Mbozi au kwa mwajiri mwingine wa Sinza. Na sijui mwenye nyumba yeyote anayeweza kuthibitisha kuwa malengelenge yaliyoonekana sasa, ambayo pengine yana umri wa miaka mingi, yaliletwa na mtu aliyeanza kazi juzi. Sahani yake irudishwe pamoja na nyingine. Mayai haya hayatoki mdomoni, hutoka na choo, kwa hiyo panapostahili kuangaliwa ni sabuni na maji karibu na choo, na kucha fupi za kila anayegusa chakula, mke wako na wewe mkiwamo.

Niongeze kuhusu choo chenyewe, kwa kuwa uko Tandika na masika yanakuja. Ile desturi ya kutapisha vyoo mvua zikinyesha, ambapo mtu anafungua tundu la shimo lake ili mafuriko yakibebe kilichomo, huyapeleka mayai kwa watu ambao mwenye mnyoo hatawaona kamwe, pamoja na bustani za mchicha na matembele za mabondeni zinazomwagiliwa maji ya mito ileile. Mboga zikipikwa mayai hufa. Saladi na kachumbari zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, na hata hivyo kuosha hupunguza tu, hakumalizi. Upande wa nguruwe kuna chanjo iitwayo TSOL18 iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, na dawa ya oksifendazoli ya dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa nguruwe, na vyote viwili vimejaribiwa pamoja hata Nyanda za Juu Kusini. Lakini hapo ninakubaliana na ndugu mkaguzi: nguruwe mwenye malengelenge haumwi, hivyo mfugaji anaombwa anunue chanjo ya kuzuia kifafa cha mtu wa Tandika ambaye hatakutana naye.

Kwa upande wa sampuli, mwambie bibi asihofu. Ni kiasi kidogo ndani ya kikopo chenye kifuniko, anakitayarisha mwenyewe asubuhi. Sampuli moja isiyo na mayai haimaanishi mtu hana mnyoo, kwa kuwa pingili hazitoki kila siku, kwa hiyo wakiomba mara ya pili msidhani wamepoteza ya kwanza. Damu ya kijana nayo inaweza isionyeshe kitu ikiwa ana lengelenge moja au mawili tu. Picha ya CT ndiyo yenye uzito zaidi.

Mjomba wa Tandika aliandika:

Nimewapigia watafiti simu na kuwauliza kuhusu namba, majibu ya faragha na dawa ya wote. Mawili ya kwanza walikuwa nayo kwenye fomu. La tatu wameomba siku chache wawaulize wakuu wao, nami nimewaambia kwamba hadi watakaponijibu hakuna kikopo kitakachotoka nyumbani kwangu. Fomu nimempa binti aisome mwenyewe, naye ameuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu, kama vipimo vitawafikia pia wazazi wake kule Mbozi, wanaokula kutoka chungu kimoja na wanaoishi karibu na hao nguruwe. Daktari, hilo ninakuachia wewe.

Mtafiti wa Afya Moja alijibu:

Utafiti wa kaya za wagonjwa kwa kawaida huishia kwenye kaya ya mgonjwa, kwa hiyo hawatafika huko wenyewe. Lakini binti akikutwa na mnyoo na akaridhia, timu inaweza kumpa barua ya rufaa kwa mganga mkuu wa wilaya ya kwao na kwa ofisa mifugo wa kata, ili wazazi wapimwe na nguruwe wao wakaguliwe. Ayaombe hayo kabla ya kusaini, na yaandikwe kwenye nakala ya fomu anayobaki nayo.